Ng'ombe wa Maziwa Kisangani: Hesabu ya Maisha Mazima

Ukiingia katika duka lolote la Makiso au Mangobo, mjini Kisangani, na kuulizia maziwa, utapewa ya unga. Mwenye uwezo ananunua kopo kubwa, na mwenye haja ya leo ananunua pakiti ndogo ya kikombe kimoja. Maziwa mabichi yaliyokamwa asubuhi ni kitu cha kutafuta kwa kuulizia watu. Mji una zaidi ya watu milioni moja, mvua inazidi milimita 1,700 kwa mwaka, na nyasi zake hazikauki kabisa. Hata hivyo, mtoto wa hapa akinywa maziwa anakunywa yaliyovuka bahari.

Mara nyingi suala hili likizungumzwa, swali la kwanza huwa: tulete ng'ombe wa aina gani? Na jibu huja haraka: Friesian, yule mweusi na mweupe, kwa sababu ndiye anayejaza ndoo. Jibu hilo limewagharimu wafugaji wengi wa nchi zenye joto, na Kisangani litawagharimu zaidi. Katika mji huu ng'ombe wa maziwa hafai kuhesabiwa kwa ndoo ya siku moja. Ahesabiwe kwa maisha yake yote: amezaa mara ngapi, amekamwa siku ngapi, amewaachia wafugaji mitamba wangapi. Tukishika hesabu hiyo, uchaguzi wa mbegu unabadilika, na kazi ya kuanza nayo inabadilika pia.

Joto na mbung'o

Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari. Wastani wa joto ni kama digrii 25, na hewa imejaa unyevu. Kwa binadamu hali hiyo inavumilika. Ng'ombe mkubwa wa maziwa, ambaye tumbo lake linazalisha joto usiku na mchana kwa kusaga majani, anateseka. Wataalamu wa mifugo hutumia kipimo kinachounganisha joto na unyevu. Kipimo hicho kikifika 72, ng'ombe wa Ulaya anaanza kulemewa. Ukichukua digrii 25 na unyevu wa asilimia 85, hesabu inatoa 75. Maana yake, hata siku ya kawaida ya Kisangani, tena yenye mawingu, imeshavuka mpaka. Ng'ombe anahema kwa kasi, anasimama badala ya kulala, anapunguza kula. Maziwa yanashuka, dalili za kutaka dume zinafifia, na mimba hazishiki. Kiambu nchini Kenya au Masisi huko Kivu, mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, usiku wa baridi humpumzisha. Hapa usiku hauleti nafuu kubwa.

Adui wa pili ni mbung'o. Kando ya Mto Kongo, Tshopo na Lindi, na katika vichaka vya mitoni, wanaishi mbung'o wanaopenda kivuli na unyevu. Wanapomuuma ng'ombe humwachia vimelea vya nagana, na kimojawapo, Trypanosoma congolense, kimebeba jina la nchi hii. Ugonjwa hauui haraka kama kuhara damu. Unamnyonya ng'ombe damu yake kidogo kidogo, anakonda, nywele zinasimama, mimba inatoka, kiwele kinanywea. Mfugaji huona maziwa yamepungua na kudhani ni chakula. Dawa ipo, nayo husaidia ikitumika mapema na kwa kipimo sahihi, lakini ng'ombe anayechomwa sindano anarudi kwenye mbung'o walewale kesho yake.

Pamoja na nagana kuna minyoo, kupe na magonjwa yao, na vidonda vya ngozi vinavyopenda mvua isiyokoma. Ndiyo maana eneo hili, tofauti na Ituri au Kivu, halikuwa nchi ya ng'ombe. Watu wa msituni na mtoni walifuga mbuzi, kuku na bata, wakala samaki na nyama ya porini. Waliisoma nchi yao sawasawa.

Mbegu, na kila moja inachodai

Friesian ndiye bingwa wa ujazo. Jike mzima ana kilo 550 hadi 650, na katika mazizi ya Ulaya anapita lita 6,000 kwa msimu mmoja wa kukamwa. Ukubwa huo unadai chakula kingi, maji mengi, hewa baridi na daktari aliye karibu. Mikononi mwa wafugaji wadogo wa Afrika Mashariki, nyanda za juu, anatoa mara nyingi kati ya lita 5 na 15 kwa siku. Ayrshire ana umbo dogo kidogo na miguu imara zaidi. Brown Swiss, aliyeletwa na Wabelgiji katika milima ya mashariki, ana mwili mzito na uvumilivu, na damu yake bado inaonekana katika machotara wa Kivu.

Jersey anastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Ana kilo 350 hadi 450 tu, anakula kidogo kwa sababu ya umbo lake, anastahimili joto kuliko Friesian, na maziwa yake yana mafuta ya asilimia 5 hivi. Anayetaka kutengeneza mtindi au samli anafaidika naye zaidi. Udhaifu wake ni uleule wa ng'ombe wote wa Ulaya: mbung'o akimuuma hana kinga.

Upande wa nchi zenye joto, Sahiwal wa Pakistani amefugwa Kenya kwa miaka mingi, hasa katika kituo cha taifa cha Naivasha, na anatoa maziwa ya kutosha huku akistahimili kupe na jua. Tanzania ilichanganya zebu wa kienyeji na damu ya Sahiwal, Red Sindhi na nyinginezo, ikapata ng'ombe wa Mpwapwa. Brazili ilimchanganya Friesian na Gir wa India, ikapata Girolando, ambaye leo ndiye nguzo ya maziwa ya nchi hiyo hadi kwenye majimbo ya Amazonia yenye misitu kama yetu. Mfano wa Brazili unatia moyo, ila una pengo moja: Amazonia haina mbung'o.

Nyumbani tuna Ankole wa Wahema wa Ituri, mwenye pembe ndefu na maziwa matamu lakini machache, pamoja na zebu wadogo wa Waalur na Walugbara. Hao ni wa nyanda za juu. Aliyezaliwa kuishi na mbung'o ni N'Dama, mfupi, asiye na nundu, mwenye rangi ya udongo mkavu. Asili yake ni Fouta Djallon nchini Guinea, naye aliletwa Kongo wakati wa Wabelgiji kwa sababu anaweza kubeba vimelea vya nagana bila kuishiwa damu. Ana kilo 250 hadi 350, anazaa bila shida, ngozi yake haiozi kwa mvua. Kasoro yake ni kwamba humpa mfugaji lita 1 hadi 3 tu kwa siku, baada ya ndama kupata sehemu yake.

Kumkama N'Dama kuna utaratibu wake. Huwezi kumwekea ndoo na kuanza. Ndama analetwa kwanza, ananyonya chuchu zote nne kwa dakika moja au mbili mpaka kiwele kilegee, kisha anafungwa karibu na kichwa cha mama yake, ambaye anaendelea kumlamba. Hapo ndipo maziwa yanashuka. Ukimwondoa ndama, mama anayazuia, na ndama akifa, mara nyingi msimu wa kukama nao umekwisha. Atakayemchanganya N'Dama na Jersey ajue kwamba tabia hii inarithiwa kwa kiasi, na banda lake lazima lijengwe kwa kuizingatia.

Hesabu ya maisha

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mfugaji wa Lubunga ananunua Friesian halisi. Anapata lita 12 kwa siku kwa siku 200, jumla lita 2,400, kisha ng'ombe anaugua, hashiki tena mimba, anauzwa kwa nyama. Jirani yake ana chotara wa N'Dama na Jersey anayetoa wastani wa lita 5 kwa siku 270, lakini anazaa mara tano. Huyo anatoa lita 6,750 na ndama watano, ambao kwa kawaida wawili au watatu ni majike. Wa kwanza ameacha deni, wa pili ameacha kundi.

Hesabu hii ndiyo inayonifanya niamini kwamba chotara ndiye ng'ombe wa Kisangani, mwenye nusu ya damu ya maziwa au pungufu kidogo. Kizazi cha kwanza cha mchanganyiko huwa na nguvu kuliko wazazi wote wawili. Hatari iko kizazi cha pili na cha tatu, pale mfugaji anapofurahia lita na kuendelea kumpandisha kwa fahali wa Ulaya mpaka kinga yote inapotea. Bila mpango wa kupandisha unaosimamiwa, ndani ya miaka kumi tutakuwa tumerudi kwa Friesian anayekufa.

Kutoka ndama hadi kiwele

Ng'ombe mzuri huvutia macho, lakini vyaelea vimeundwa. Maziwa ya mwaka wa tatu yanaamuliwa saa ya kwanza ya maisha ya ndama. Ndama anazaliwa bila kinga ya mwili. Kinga hiyo imo ndani ya dang'a, maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo. Utumbo wake unaipitisha kinga hiyo kwa saa chache tu, na baada ya siku moja mlango umefungwa. Ndama wa kilo 25 anahitaji lita mbili na nusu hivi katika siku ya kwanza, na sehemu kubwa aipate ndani ya saa sita. Kitovu kipakwe dawa ya iodini, alazwe pakavu. Katika nchi yenye mvua nyingi, tope la banda huua ndama wengi.

Baada ya hapo anapewa maziwa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake kila siku. Tangu wiki ya pili awekewe majani laini, pumba kidogo na maji safi, kwa sababu tumbo kubwa la kucheua hukua kwa kufanyishwa kazi. Akifika miezi mitatu anaweza kuachishwa. Mfugaji mwenye njaa ya pesa huuza kila tone na kumwachia ndama mate. Kosa hilo halionekani leo, linakuja kuonekana miaka miwili baadaye.

Mtamba hupandishwa kwa uzito, umri haumhusu sana. Akifika asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa ng'ombe mzima, yuko tayari. Kwa chotara atakayekuwa na kilo 350, hiyo ni kama kilo 220. Akiongezeka gramu 400 kwa siku, anafika huko akiwa na miezi 16, na kwa kuwa mimba huchukua siku 283 hivi, atazaa akiwa na miezi 25. Akiongezeka gramu 200 tu, kama ilivyo kwa mitamba wengi wanaoachwa wajitafutie, atafika miezi 32 na kuzaa akiwa na miezi 41. Miezi 16 imepotea, zaidi ya msimu mzima wa maziwa, na hakuna mbegu ya kigeni inayoweza kuirudisha.

Dalili za kutaka dume hurudi kila baada ya siku 21 hivi na hudumu chini ya siku moja. Kwenye joto letu nyingi huonekana usiku au alfajiri, kwa hiyo mfugaji aamke mapema. Aliyeonekana amesimama akipandwa na wenzake asubuhi apandishwe jioni. Aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi inayofuata. Mzunguko mmoja ukipita bila kuonekana, ni wiki tatu za kulisha bila faida.

Akishazaa, maziwa hupanda hadi wiki ya sita au ya nane, kisha hushuka polepole. Msimu kamili kwa mbegu za maziwa ni siku 305, wakati machotara na wa kienyeji huishia mapema zaidi. Apandishwe tena kati ya mwezi wa pili na wa tatu, na akaushwe siku 60 kabla ya kuzaa ili kiwele kipumzike na ndama tumboni akue. Maziwa huongezeka hadi uzazi wa tatu, wa nne au wa tano. Kwa hiyo ng'ombe anayekufa baada ya uzazi wa kwanza amekufa kabla hajaonyesha uwezo wake.

Kijani kinachodanganya

Mgeni akiona majani ya jimbo la Tshopo hudhani ng'ombe atanenepa mwenyewe. Majani hayo yana maji mengi na protini kidogo, na udongo chini yake umeoshwa na mvua kwa karne nyingi. Majani ya tembo yanastawi vizuri hapa, lakini yakatwe kila wiki sita hadi nane, kabla hayajawa miti. Ng'ombe wa kilo 350 anahitaji takribani kilo 60 za majani mabichi kwa siku. Mwenye ng'ombe watatu abebe karibu kilo 180 kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Kabla ya kununua ng'ombe, apande shamba la majani, na samadi irudi humohumo.

Upungufu wa protini una dawa karibu na mlango. Tshopo ni nchi ya mpunga, kwa hiyo pumba zipo. Ni nchi ya michikichi pia, kuanzia mashamba makubwa ya Lokutu hadi vinu vidogo vya vijijini, na mashudu ya mbegu za mchikichi ni chakula kizuri cha ng'ombe wa maziwa. Maganda ya muhogo yakianikwa vizuri yanatia nguvu. Yakitolewa mabichi yana sumu. Mikunde kama stailosanti na desmodiamu ipandwe katikati ya majani. Halafu chumvi ya madini, na maji yasikatike: maziwa ni maji kwa asilimia 87, na ng'ombe anayekamwa hunywa lita 40 hadi 60 kwa siku au hata zaidi.

Kutoka zizini hadi kikombeni

Kwa joto la hapa, maziwa mabichi yakikaa saa tano au sita yameanza kuchacha. Umeme wa bwawa la Tshopo hukatika mara kwa mara, kwa hiyo ubaridi si kitu cha kutegemea kila siku. Hali hiyo inapanga ramani ya ufugaji wenyewe: zizi liwe umbali ambao toleka, baiskeli ya kukodi, au pikipiki inaweza kuumaliza kabla ya jua kuwa kali, yaani Lubunga, Kabondo na vijiji vya kandokando ya barabara za kuingia mjini. Yanayobaki yachemshwe na kugandishwa yawe mtindi siku hiyohiyo. Kuchemsha si hiari, kwa kuwa brusela na kifua kikuu hupita katika maziwa mabichi.

Wapo wanaosema tuachane na ng'ombe wa msituni, tulete maziwa kutoka Ituri, yenye baridi na mila ya ufugaji. Hadi mwaka 2015 Ituri na Kisangani zilikuwa jimbo moja la Mashariki, na wazo hilo lina mantiki. Lakini Bunia, mji mkuu wa Ituri, iko kama kilomita 700 kwa barabara, na sehemu kubwa ya njia ni tope la msitu. Vita vya 1999 hadi 2003 viliteketeza mifugo ya Ituri, na tangu mwishoni mwa 2017 Djugu, sehemu ya jimbo hilo, imewaka tena, huku Irumu na Mambasa za humohumo zikishambuliwa na waasi wa ADF. Maziwa mabichi hayawezi kuvuka hapo. Kinachoweza kuvuka ni jibini na samli. Masisi ilionyesha njia: jibini yake ya mviringo ilifika Goma na hata Kinshasa, kwa sababu wafugaji walio mbali na soko waligeuza maziwa kuwa kitu kinachostahimili safari. Amani ikirudi, Ituri ifanye hivyo kwa ajili ya Kisangani.

Somo la Unguja na Tanga

Unguja ina joto, unyevu na ilikuwa na mbung'o. Kati ya 1994 na 1997, madume wa mbung'o waliofanywa tasa, waliokuzwa Tanga, walimwagwa kutoka angani hadi majike wakakosa uzazi, na mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina tena mbung'o. Baada ya hapo wafugaji wadogo waliweza kufuga machotara wa maziwa bila hofu ya zamani. Unguja ni kisiwa cha kilomita za mraba 1,650 hivi kilichozungukwa na bahari. Msitu wetu hauna ukingo, kwa hiyo kuwamaliza mbung'o wote ni ndoto. Kuwapunguza kuzunguka zizi moja kunawezekana: kusafisha vichaka vya mtoni, kuweka mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, kumfunga ng'ombe bandani chini ya wavu wenye dawa, na kumlisha hapohapo.

Tanga bara nayo ina somo lake. Pwani ile yenye joto ilijenga sekta ya maziwa kwa machotara wanaofungiwa bandani, vyama vya wafugaji wadogo, vituo vya kupokea maziwa vilivyo karibu na vijiji, na kiwanda cha Tanga Fresh kinachonunua. Mfugaji aliyejua kwamba maziwa yake yatapokelewa kesho ndiye aliyekubali kulisha vizuri leo.

Tuanzie wapi

Kwa Tshopo, mpangilio wa kazi ni huu. Kwanza, wafugaji wachache walio tayari wapande majani kabla ya kupewa mnyama. Pili, wapewe mitamba wa N'Dama waliochaguliwa kwa kiwele na upole, kwa mkopo wa kumpa jirani mtamba wa kwanza atakayezaliwa, kama Rwanda inavyofanya kwa mpango wa Girinka tangu 2006. Tatu, mbegu ya Jersey ije kwa uhimilishaji, na mchanganyiko usipite nusu mpaka kumbukumbu zionyeshe vinginevyo. Nne, Yangambi, ambako utafiti wa kilimo ulianza enzi za Wabelgiji na taasisi ya INERA bado ipo, ipewe kazi ya kutunza kumbukumbu hizo: tarehe ya kuzaliwa, uzito, kuzaa, lita, ugonjwa, kifo. Bila daftari hilo kila mfugaji ataanza upya na kurudia hasara ya mwenzake.

Mpango huu hautaifanya Kisangani iwe Kiambu. Kwa miaka mingi bado maziwa mengi ya mji yatakuwa ya unga. Lakini kaya mia chache zenye machotara wanaoishi, wanaozaa kila mwaka na kulea majike wao, zinaweza kuwapa watoto wa mitaa yao kikombe cha maziwa yaliyokamwa asubuhi ileile, na kuwaachia wafugaji wanaokuja kundi ambalo nchi hii imelikubali. Serikali ya jimbo na wafadhili waanze kuhesabu mitamba waliozaliwa hapa na kuzaa hapa. Idadi hiyo ikipanda mwaka hadi mwaka, lita zitafuata.